Chuma cha Kununua, Mashine ya Kukodi

Wengi wanaofungua duka la uchapaji Dar es Salaam huja na imani moja: mali ni kile ulichokinunua. Hata kikiwa mtumba, hata kama mtaji wote unaishia hapo na fedha ya kununulia karatasi haibaki, mradi mashine ni yako. Wapo pia wa upande wa pili, hasa vijana waliopitia vyuo vya biashara, wanaosema usifunge fedha kwenye chuma, kodi tu. Nimefanya kazi hii Kariakoo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kwanza chini ya baba yangu mdogo na baadaye kwa leseni yenye jina langu, na nimeishi pande zote mbili. Mtambo wetu mkubwa tuliununua mtumba na hadi leo unachapa. Mashine ninayochapia kazi za rangi za haraka si yangu, na sina haja iwe yangu. Wanaonisikia nikisema hivyo huona nimejipinga mwenyewe. Mimi naona kila uamuzi umekaa mahali pake, na sababu yake nitaieleza kwa kuanzia na ule mtambo.

Baba mdogo alianza na Heidelberg ya zamani, ile yenye mikono miwili inayozunguka na kukamata karatasi mojamoja, mashine ambayo Wajerumani waliendelea kuitengeneza hadi 1985. Ilimtosha kwa kadi na kwa kutia namba vitabu vya stakabadhi. Kazi zilipozidi, akaanza kutafuta GTO 52, mtambo wa ofseti ambao kampuni ileile ilianza kuuza aina yake ya kwanza mwaka 1972. Hiyo 52 ni upana wa karatasi kwa sentimita. Mtambo mpya hakuufikiria kabisa, na hakuna mchapaji wa kiwango chake aliyeufikiria. Swali lilikuwa mtumba upi.

Aliniita niende naye Chang'ombe, kwenye ghala la mtu aliyekuwa akiingiza mitambo kutoka Ulaya. Tulikuwa na fundi wetu, mzee wa Songea aliyejifunza kazi katika kiwanda cha uchapaji cha misheni ya Peramiho, ile iliyoanzishwa na watawa Wabenedikti mwaka 1898. Ghalani kulikuwa na mitambo miwili ya aina moja. Mmoja ulikuwa umepakwa rangi mpya unang'aa, mwingine umechakaa rangi na una mafuta yaliyogandia pembeni. Mimi macho yangu yalikwenda kwenye unaong'aa. Mzee akaenda kwenye ule mwingine, akachukua tochi na kuanza kuinama.

"Mzee," nilimwambia baadaye, nilipoona ananyamaza mno, "mbona huu mzuri huuangalii?"

"Rangi mpya hupakwa na muuzaji, mwanangu. Mwenye mtambo hupaka grisi."

Nilichokiona siku ile ndicho ninachokifanya mpaka leo ninapoitwa kumsindikiza mtu kununua. Alitafuta kwanza namba iliyogongwa kwenye fremu, kwa sababu kwa mitambo ya Heidelberg namba hiyo hueleza mwaka wa kutengenezwa, na muuzaji hawezi kuibadilisha kirahisi. Akasoma kihesabio cha karatasi, lakini akatuambia tusikiamini sana, maana kihesabio huweza kuchomolewa. Kisha akapitisha kidole polepole kwenye silinda, akitafuta kibonyeo. Silinda iliyowahi kumeza spana au karatasi iliyojikunja hubaki na alama isiyotoka, na alama hiyo itaonekana katika kila kazi utakayochapa maisha yote ya mtambo. Akaangalia zile pete za chuma pembeni mwa silinda kama zina kutu au mikwaruzo. Akakagua meno yanayokamata karatasi, moja baada ya jingine.

Halafu akaomba uwashwe. Muuzaji alitaka kutuonyesha mtambo ukizunguka mtupu, mzee akakataa. Alikuwa amekuja na bunda lake la karatasi na pleti mbili. Kwa pleti ya kwanza alichapa karatasi nyeusi tii kutoka ukingo hadi ukingo, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Gia zilizolika huacha mistari katika weusi huo, mistari ambayo huwezi kuiona kwenye kazi ya maandishi matupu. Kwa pleti ya pili alichapa misalaba midogo, akakusanya karatasi zilezile na kuzipitisha tena. Kila msalaba ukikaa juu ya mwenzake bila kivuli, mtambo bado unaweza kuipokea karatasi mahali palepale kila mara, na hiyo maana yake unaweza kuchapa rangi nne kwa kuipitisha mara nne. Ule uliong'aa ulitoa kivuli. Uliochakaa rangi haukutoa.

Baba mdogo aliununua, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo wanunuzi wengi hulipuuza. Bajeti aliyomtajia muuzaji haikuwa yote. Alikuwa ametenga fungu jingine ambalo hakulitaja hata kwangu mpaka mtambo ulipofika dukani. Lilikwenda kwenye lori na winchi, kwa kuwa chuma hicho kina uzito unaozidi tani moja. Likaenda kwenye zege la sakafu, kwa sababu mtambo usiolala sawa hujila wenyewe. Likaenda kwenye kuvuta umeme wa fezi tatu, kwenye kuvisha rola mpira mpya, kwenye blanketi na kemikali. Likaenda pia kwenye karatasi zilizoharibika wakati sote tunauzoea. Nimeona watu wenye akili zao wakinunua mtambo mzuri kwa bei nzuri, kisha ukakaa umefunikwa turubai miezi kwa miezi kwa sababu fedha ya kuuamsha haikuwapo. Bei ya mtumba ni ile ya siku karatasi ya kwanza ya mteja inapotoka safi. Kabla ya hapo umelipia sehemu tu.

Mtambo ule umedumu kwa sababu moja kubwa: hakuna kitu ndani yake ambacho fundi mwenye spana hawezi kukifikia. Bushi ikilika, tunaipeleka mtaa wa Gerezani, inachongwa na kurudi. Beringi nyingi zinapatikana kwenye maduka ya kawaida ya beringi. Springi za sehemu ya kunyonyea karatasi tumezitengeneza wenyewe. Hakuna sehemu inayodai nenosiri, wala kipande cha plastiki chenye kumbukumbu kinachokataa kufanya kazi kwa sababu hakikununuliwa kwa wakala fulani. Mzee wa Songea alimfundisha kijana, kijana akafundisha mwingine, na ujuzi huo haukupitwa na wakati, maana mtambo wenyewe haukubadilika. Hicho ndicho kitu cha kununua. Ukikipata kimetumika vizuri, kilichopunguzwa ni bei yake, na uwezo wake bado upo.

Kilichobadilika ni kazi. Mwaka 2010 mashine za kielektroniki za risiti, EFD, zilianza kutumika kwa wafanyabiashara waliosajiliwa kwenye VAT, na kuanzia 2013 zikaenea kwa wengine. Vitabu vya stakabadhi vilikuwa mkate wetu wa kila siku. Mteja wa duka la vipuri aliyekuwa akichukua vitabu kila robo mwaka akawa anachukua kidogo kidogo, mwisho akaacha. Mtambo haukuwa na kosa lolote, na ungeweza kuchapa stakabadhi kwa miaka mingine ishirini. Wateja wake ndio waliohama.

Tulipona kwa sababu mtambo ulikuwa umekwisha kulipiwa zamani. Haukutudai chochote kwa kusimama. Tukauelekeza kwenye bahasha, lebo za asali na za sabuni za maji, ratiba za Ramadhani ambazo misikiti na wafanyabiashara hugawa kila mwaka, kalenda za Novemba na Desemba, na ulipofika uchaguzi wa 2015, mabango ya wagombea usiku na mchana. Kati ya misimu hiyo kulikuwa na wiki nzima za ukimya. Mtu aliyekodi mtambo wa namna ile kwa malipo ya kila mwezi angekuwa ameurudisha kabla ya kalenda za kwanza kufika.

Ukiishia hapo utasema basi, kununua ndiyo njia. Baba mdogo alisema hivyo mpaka alipostaafu. Nilipomwambia nataka kukodi mashine ya rangi, alinijibu bila kuinua kichwa: "Nguo ya kuazima haisitiri matako, binti yangu." Nilimheshimu mno kubishana naye siku hiyo. Ila nilikuwa nimekaa mwaka mzima nikitazama mashine za kidijitali za mtumba zinazoingia mjini, na nilikuwa nimeona kitu ambacho yeye hakuwa na sababu ya kukiona.

Mashine nyingi za fotokopi na za kuchapa rangi tunazonunua Kariakoo zilikuwa za kukodi huko zilikotoka. Ofisi ya Uingereza au Uholanzi huchukua mashine kwa mkataba wa miaka mitatu hadi mitano. Mkataba ukiisha, kampuni iliyoikodisha huichukua, huweka mpya, na ile ya zamani huuzwa kwa jumla na kupakiwa kwenye kontena. Kwa hiyo mtu aliyetengeneza fedha kwa kukodisha amekwisha kupiga hesabu na kuona kwamba baada ya miaka hiyo, matengenezo yatazidi faida. Hesabu yake imefanywa kwa mishahara ya mafundi wa huko, sawa, na hapa fundi ni nafuu. Lakini spea hapa si nafuu, ni ghali zaidi, na mara nyingi hazipo.

Tofauti ya mashine hizi na GTO iko ndani. Dramu, fyuza, mkanda wa kuhamishia picha, vyote vina umri uliopangwa, na mashine yenyewe huhesabu umri huo na kusimama ukifika. Toneri huja na chipu. Hitilafu huonyeshwa kwa namba kwenye kioo, na baadhi ya namba hizo hazifutiki mpaka aje mwenye kuruhusiwa kuingia kwenye mfumo. Jirani yetu mmoja, mchapaji hodari kuliko mimi, alinunua mashine ya rangi ya mtumba iliyokuwa ikitoa kazi nzuri ajabu. Bodi moja ya umeme ikafa wakati wa kukatikakatika kwa umeme. Mafundi walijua kabisa ni bodi ipi. Bodi hiyo haikupatikana Dar es Salaam, haikupatikana Nairobi, na iliyopatikana Dubai ilitoka kwenye mashine nyingine iliyokufa. Mwishowe alinunua mashine ya pili ya aina ileile, iliyoharibika sehemu nyingine, ili aichinje kwa ajili ya ya kwanza. Wachapaji wengi wa mjini wanaishi hivyo, na wanaomudu ni wale wenye mashine tatu za aina moja na fundi aliyeajiriwa. Mwenye moja hamudu.

Hesabu inayowapotosha watu ni hii, nayo nimeisikia mara nyingi kiasi cha kuikariri. Tuseme mashine ya mtumba inauzwa shilingi milioni 9, na ya namna hiyo ukikodi unalipa shilingi 500,000 kwa mwezi. Mtu hugawa, anapata miezi 18, anasema baada ya mwaka na nusu nitakuwa nimewalipa bei nzima na mashine si yangu. Lakini mkataba wa kukodi kwa kawaida una toneri ndani yake, una dramu na fyuza, una fundi. Aliyenunua atavilipia vyote hivyo kutoka mfukoni. Tuseme vinagharimu shilingi 350,000 kwa mwezi kwa kiasi kilekile cha kazi. Basi tofauti ya kweli kati ya kukodi na kununua ni shilingi 150,000 kwa mwezi, na milioni 9 haitarudi kwa miezi 18. Itarudi kwa miezi 60. Hapo swali linakuwa wazi: mashine hii ya kielektroniki, iliyokwisha kufanya kazi miaka minne Ulaya, itafika miaka mitano mingine mikononi mwangu, kwenye umeme wangu, kwenye vumbi la mtaa huu? Ukipiga hesabu hiyohiyo kwa mtambo wa chuma ambao hauna toneri wala chipu, jibu hugeuka. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie kwa jumla kwamba kukodi ni hasara au kununua ni ujinga. Nionyeshe mashine kwanza.

Nilikodi, basi. Kabla ya kusaini nilikaa na mkataba kwa muda mrefu kuliko wakala alivyotaka, na yapo mambo ambayo nayasisitiza kwa yeyote. La kwanza ni kima cha chini. Mikataba ya aina hii huhesabu kopi kwa mita iliyo ndani ya mashine, na huweka idadi ambayo utailipia hata usipoifikia. Kazi zetu ni za misimu: Januari shule, baada ya Ramadhani harusi, Desemba kalenda, na katikati panakauka. Niliomba kima hicho kihesabiwe kwa wastani wa miezi mitatu badala ya kila mwezi peke yake. Walikubali kwa shida, lakini walikubali, na sijui kwa nini wachapaji wachache huomba. La pili, uliza ukurasa mkubwa wa A3 unahesabiwa kopi moja au mbili. Kwa anayechapa mabango hilo ni tofauti ya faida na hasara. La tatu, fundi atafika baada ya saa ngapi, na akishindwa kuitengeneza, utapewa mashine nyingine au utaendelea kulipa huku umekaa?

La nne lilikuwa sarafu. Zamani ilikuwa kawaida bei ya mkataba kuandikwa kwa dola na kulipwa kwa shilingi za siku hiyo. Mwanzoni mwa 2014 dola moja ilikuwa karibu shilingi 1,600, na katikati ya 2015 ilikuwa imevuka 2,000. Mteja wangu wa kadi za harusi hapandishiwi bei kwa sababu dola imepanda. Bibi harusi alishapewa makisio na kamati imeshachangisha. Kwa hiyo anayekodi kwa dola na kuuza kwa shilingi anabeba mzigo wa mtu mwingine. Nilikataa dola. Tangu Machi 2025 kanuni za serikali zimezuia kupanga bei za ndani kwa fedha za kigeni, jambo ambalo kwa wakodaji wadogo lilichelewa, ila limekuja.

Na jambo la tano, ambalo hakuna anayelizungumza: mashine hizi nyingi zina diski ndani, na diski hiyo huweza kuhifadhi nakala za ulichochapa. Sisi tunachapa mitihani ya shule za binafsi. Siku mkataba unaisha na mashine inapakiwa kwenye gari, mitihani hiyo inaondoka nayo. Niliandikisha kwenye mkataba kwamba diski itafutwa mbele yangu kabla mashine haijatoka mlangoni. Anayenunua mtumba naye ajue kwamba huenda amenunua pamoja na barua za ofisi asiyoijua. Azifute. Hizo ni siri za watu.

Kukodi kwenyewe kuna sura zaidi ya moja, na hapa ndipo mazungumzo mengi huchanganyika. Mkataba wangu ni wa kutumia na kurudisha. Uko mwingine ambao kwa Kiswahili cha kibenki huitwa karadha: kampuni inanunua mashine unayoichagua wewe, unailipa kidogo kidogo, na mwishoni inakuwa yako. Bunge lilitunga sheria ya mambo hayo mwaka 2008. Nguvu yake kwa mtu wa chini ni kwamba mashine yenyewe ndiyo dhamana, hivyo hudaiwi hati ya nyumba. Kwa wanawake hili lilikuwa kubwa kuliko wanaume wengi wanavyoelewa. Dk. Victoria Kisyombe, daktari wa mifugo, alifiwa na mumewe, na ng'ombe aliyekuwa akiitunza familia yake, jina lake Sero, akachukuliwa na upande wa mume kwa mujibu wa mila. Mwaka 2002 alianzisha SELFINA, kampuni ya kuwapa wanawake vifaa kwa karadha, na jina la ng'ombe yule limo ndani ya jina kamili la kampuni. Cherehani, friji, mashine ya kusaga: mwanamke asiye na kiwanja kwa jina lake aliweza kuvipata, akavilipia kwa kazi ya vifaa hivyohivyo, na akavimiliki. Kwa mtu wa namna hiyo hesabu yangu ya miezi 60 haina maana sana, maana uchaguzi wake haukuwa kati ya kununua na kukodi. Ulikuwa kati ya karadha na kukosa.

Wenzangu wengi wa Kariakoo huuliza pia kuhusu ijara, yaani ukodishaji kwa taratibu za Kiislamu, hasa tangu Amana Bank ilipofungua milango mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini inayofuata sharia kikamilifu. Sina utaalamu wa fikihi, lakini kuna kanuni moja ya ijara ambayo ningependa iingie kwenye kila mkataba wa kukodi, uwe wa benki yoyote: mwenye mali ndiye anayebeba hatari ya umiliki. Kitu kikiteketea bila kosa la mkodaji, kodi haiendelei. Soma mkataba wako uone kama unasema hivyo. Mingi inasema kinyume, kwa herufi ndogo.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya korona, na hazikufunguliwa zote mpaka mwisho wa Juni. Kazi za mitihani zilikoma siku moja, na semina na mikutano, ambayo ilikuwa ikituletea vyeti na vitambulisho, nayo ikaahirishwa. Nilikuwa na mashine mbili dukani. Ya chuma ilikaa kimya na haikuniuliza kitu. Ya mkataba ilikaa kimya vilevile, na ankara yake ikaja. Ule wastani wa miezi mitatu ulinipunguzia makali ya mwezi wa kwanza, baada ya hapo haukuwa na la kufanya, kwa sababu wastani wa sifuri ni sifuri. Nililipia kurasa ambazo hazikuchapwa. Sikulalamika kwa mwenye mashine, kwani tulikuwa tumekubaliana. Lakini tangu hapo sijawahi kukodi kitu bila kuwa na akiba ya malipo ya miezi kadhaa iliyokaa pembeni, na fedha hiyo naihesabu kuwa sehemu ya gharama ya kukodi, vilevile kama baba mdogo alivyohesabu zege na umeme kuwa sehemu ya bei ya mtambo. Anayesema amekodi kwa sababu hana mtaji, na akiba hiyo hana, amejiweka pabaya.

Hivi karibuni alinijia binti mmoja anayeshona na kuuza sare za vikundi, sasa anataka kuchapa fulana. "Shikamoo mama," akanionyesha kwenye simu picha ya printa ya DTF ya mtumba, ile inayochapa kwenye filamu, filamu inamwagiwa unga wa gundi, kisha inabandikwa kwenye nguo kwa pasi kubwa. Bei ilikuwa ya kuvutia. Nilimuuliza inasimama siku ngapi bila kuchapa. Hakujua, na muuzaji hakuwa amemwambia. Wino mweupe wa printa hizi hutuama, na vichwa vyake huziba vikikaa bila kazi. Kichwa kilichoziba nusu hukioni kwa macho, na kipya huweza kukaribia bei ya mashine nzima ya mtumba.

Nilimwambia printa hiyo asiinunue, na asiikodi pia, si kwa sasa. Mjini wapo wenye mashine wanaouza filamu iliyochapwa kwa mita. Apeleke michoro yake huko, alipe kwa mita, abandike mwenyewe. Pasi ndiyo anunue, na anunue mtumba. Ndani yake hamna mengi zaidi ya bamba la chuma, waya wa joto, springi na kidhibiti ambacho fundi yeyote wa umeme anabadilisha. Kabla ya kulipa aiwashe mpaka nyuzi 160, aiache hapo dakika kumi, apime joto kwenye pembe nne na katikati, kwa sababu bamba lililochoka hubandika katikati na kuacha pembe zikibanduka kwenye nguo ya mteja.

"Na mita zikiwa nyingi, mama?"

"Ziandike. Kila wiki umenunua mita ngapi, umelipa ngapi, umesubiri siku ngapi."

Pasi ameipata, ya mkono, nzito, imeungwa mguu mmoja, na pembe zote nne zilikuja na joto lilelile. Kuhusu printa tumekubaliana aje tukae na mkataba wa kukodi pale anachowalipa wenye filamu kwa mwezi kitakapokuwa kimezidi kodi ya mashine kwa miezi sita mfululizo, na aje na daftari lenyewe.